Pampu ya mkono, sola au dizeli? Ulinganisho unaoanzia kwenye hadidu za rejea

Hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa) nyingi za miradi ya maji vijijini huanza na jibu. "Kufunga pampu ya sola katika kijiji fulani." Sentensi imekwisha, na mhandisi amebakiziwa kazi ya kwenda dukani. Hakuna aliyeuliza kisima kinatoa kiasi gani kwa saa, maji yamelala mita ngapi, wala nani atagharamia kidhibiti, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kwenda kwenye pampu, kikiungua mwaka wa nne. Ukianza hivyo huna cha kulinganisha tena, hata kama baadaye utaandika ripoti yenye majedwali ishirini.

Hapa tunaweka njia tatu bega kwa bega kwa kijiji kimoja cha mfano na kuzifuata tangu hitaji linapoandikwa hadi siku ya makabidhiano. Namba za kijiji ni za kubuni. Mahesabu ni ya kweli, nawe unaweza kuweka namba za kwako mahali pa hizi.

## Hitaji kwanza, kifaa baadaye

Hadidu nzuri hutaja watu, lita, umbali, ubora wa maji, muda, na nani analipia uendeshaji. Kuhusu kifaa hunyamaza. Kwa Tanzania sehemu ya kazi hiyo imeshafanywa na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, iliyoweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Kwa hiyo hadidu ya kijiji chetu inaweza kusomeka hivi:

"Watu 800 na shule ya kutwa yenye wanafunzi 300 wapate maji salama ya kunywa mwaka mzima, lita 25 kwa mtu na lita 5 kwa mwanafunzi kwa siku, ndani ya mita 400, kwa miaka 10. Gharama za uendeshaji zitoke kwenye makusanyo ya wachotaji. Kifaa kikiharibika, maji yarudi ndani ya siku 3."

Usiipite haraka sentensi ile ya mwisho. Ndiyo inayoamua zaidi ya zote zilizotangulia, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Sasa hesabu. Leo kijiji kinahitaji lita 20,000 za watu na 1,500 za shule, yaani mita za ujazo 21.5. Watu wakiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 10 unazidisha kwa 1.34: mita za ujazo 29. Mabomba na koki hupoteza maji. Ukikadiria upotevu wa asilimia 15, pampu inatakiwa itoe mita za ujazo 34 kwa siku. Hizo ni ndoo 1,700 za lita 20.

Kisha urefu wa kusukuma. Unajumlisha kina cha maji wakati pampu inafanya kazi (sio kabla haijawashwa, kosa hili ni la kila siku), tofauti ya mwinuko wa ardhi kati ya kisima na tanki, kimo cha mnara pamoja na tanki lenyewe, na msuguano ndani ya bomba. Kijiji chetu: 40 + 7 + 8 + 5, jumla mita 60.

Namba ya msuguano ndiyo peke yake katika hizo unayoweza kuichagua. Bomba la plastiki la milimita 63, PN10 (linalohimili shinikizo la bar 10), lenye urefu wa mita 300, likipitisha mita za ujazo 6.8 kwa saa, hula kati ya mita 4 na 5. Ukitaka kubana matumizi ukaweka la milimita 50, msuguano unafika mita 12 hadi 13. Ulichookoa kwenye bomba utakilipa kwenye paneli au kwenye dizeli, kila siku, kwa miaka 10.

## Karatasi tatu za kisima

Bila hizi usilinganishe chochote.

Ya kwanza ni jaribio la kupampu. Kwa pampu ya mota, fanya kwanza jaribio la hatua, viwango vinne au vitano vinavyopanda, saa moja hadi mbili kila kimoja. Halafu kupampu mfululizo kwa kiwango kimoja saa 24 huku kina kikiandikwa, na baada ya kuzima, kupima maji yanavyorudi juu. Kwa pampu ya mkono, saa chache zinatosha. Kinachokataliwa ni makadirio ya mchimbaji aliyepuliza kisima kwa kompresa kwa nusu saa akaandika "kisima kizuri". Maji hayo hutoka kwenye nyufa zilizokuwa zimejaa. Hayaonyeshi kisima kitatoa nini Oktoba.

Ya pili ni maabara. Chumvi, vijidudu, chuma, fluoridi na pH (kipimo cha asidi). Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha fluoridi kwenye miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Singida yana visima vinavyopita hapo mbali sana. Kisima cha namna hiyo hakitibiwi na pampu yoyote. Kama pH iko chini ya 6.5, andika kwa wino mwekundu; tutairudia.

Ya tatu ni rekodi ya kuchimba: kipenyo cha bomba la kisima, vichujio (sehemu za bomba zenye matundu ya kuingiza maji) viko mita ya ngapi hadi ya ngapi, na kama kisima kimenyooka. Pampu ya mota hukaa juu ya vichujio. Ikiwekwa mbele yake hunyonya mchanga moja kwa moja.

## Bega kwa bega

| | Pampu ya mkono | Sola | Dizeli |
|---|---|---|---|
| Kisima kitoe kiasi gani kwenye jaribio | karibu m³ 1 kwa saa | karibu m³ 10 kwa saa | karibu m³ 5 kwa saa |
| Visima vya kijiji chetu | 4 leo, 6 mwisho wa miaka 10 | 1 | 1 |
| Tanki | hakuna | m³ 40 au zaidi | m³ 20 zinaweza kutosha |
| Gharama za mwanzo | visima ndivyo gharama | kubwa | za kati |
| Gharama za kila siku | ndogo sana | mlinzi, mhudumu | lita 5 za dizeli, oili, mhudumu |
| Nani anatengeneza | fundi wa kijiji | fundi wa umeme kutoka mjini | fundi wa injini, wa wilayani |
| Kinachouua mradi | spea za bei ndogo zisizopatikana | radi, wizi, kidhibiti kuungua | hela ya mafuta |

Mstari wa kwanza unahitaji maelezo, maana ndiko wengi wanakoteleza. Kisima hakivutwi mpaka mwisho wa uwezo wake. Theluthi mbili ya kiwango kilichothibitishwa na jaribio ndiyo salama. Jua la maana ni kama saa 5 kwa siku, hivyo mita za ujazo 34 zinataka kasi ya 6.8 kwa saa, na kisima kilichopimwa kwa karibu 10. Dizeli haijali jua. Mita za ujazo 3.4 kwa saa kwa saa 10, na kisima cha 5 kinatosha. Pampu ya mkono huishi hata kwenye kisima ambacho wenye mota wangekifukia.

Kwa maneno mengine, sola ndiyo inayotaka kisima chenye nguvu kuliko zote. Watu huamini kinyume chake.

## Pampu ya mkono: hadidu mbili, pampu mbili

Binadamu anayepampu bila kujikaza hutoa kama wati 75. Nishati ya kupandisha maji, kwa wati-saa, ni 2.725 mara mita za ujazo mara mita za kina. Ukichukua ufanisi wa asilimia 75 na kina cha mita 40, unapata karibu mita za ujazo 0.5 kwa saa. Kwa saa 10 za foleni ni 5, yaani watu 200. Kina kikiwa mita 30 unapata 0.7 kwa saa, na pampu inatosha watu 250 au zaidi kidogo. Kina kikiwa chini ya mita 15, pampu za kuvuta moja kwa moja kama Nira AF85, iliyozoeleka Tanzania, ni nyepesi na rahisi kuliko zote. Hapo hatuoni sababu ya kufikiria kingine kwa kitongoji kidogo.

Kwa kina chetu wagombea ni wawili, na wanastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu kila mmoja ni tunda la hadidu yake.

India Mark II ilikamilishwa India mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF. Hadidu yake ilikuwa uimara: pampu ya chuma itakayotumiwa na umati siku nzima, itengenezwe kwa wingi kwenye karakana za kawaida, ikae muda mrefu bila kuguswa, na ikiharibika aje fundi wa wilaya na gari lake. Ndivyo ilivyo. Kichwa cha chuma, mnyororo, mabomba ya mabati ya inchi moja na robo. Ili ufikie mpira wa pistoni inabidi uvute bomba zote juu, kazi ya watu kadhaa, mihimili mitatu na spana maalumu.

Afridev ilizaliwa miaka ya 1980, Malawi na kisha Kwale kwenye pwani ya Kenya, ndani ya mradi wa pampu za mkono wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) na Benki ya Dunia. Hadidu iligeuzwa: kwamba pampu itaharibika lilikubaliwa tangu mwanzo, sharti likawa itengenezwe na wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwemo, kwa zana chache na siku hiyo hiyo. Sharti hilo moja likabadilisha karibu kila kipande. Bomba la kupandishia likawa la plastiki la milimita 63, pana kuliko silinda ya milimita 50, ili pistoni na vali ya chini zipite ndani yake na kutolewa bila kung'oa bomba. Fimbo zikaunganishwa kwa kulabu badala ya nati. Beringi za chuma zikaondoka, zikaja bushi za plastiki za bei ndogo zinazobadilishwa kila mwaka. Spana moja, na kulabu ya kuvulia vali ya chini. Watu wawili waliofundishwa humaliza kubadilisha mipira kwa saa chache.

Ukiuliza ipi bora, umeuliza vibaya. Rudi kwenye sharti la "siku 3". Kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya, barabara ikikatika masika, kinataka Afridev. Kijiji chenye foleni ndefu mno, maji yasiyo na asidi na fundi mwenye gari anayefikika, India Mark II itakitumikia kwa miaka.

Hapo ndipo pH inaporudi. Chini ya 6.5, mabomba ya mabati huliwa na kutu. Maji ya asubuhi hutoka mekundu, chai inakuwa nyeusi, nguo nyeupe zinapata madoa, na kina mama wanarudi kwenye dimbwi la zamani huku pampu ikihesabiwa kwenye takwimu kuwa "inafanya kazi". Uganda, ambako India Mark II inaitwa U2, imelijua tatizo hili kwa gharama. Dawa yake ni chuma kisichoshika kutu au plastiki, na iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na haki yako ya kukagua mabomba yakifika.

Afridev nayo ina mpaka. Zaidi ya mita 45 usiijaribu. Viungo vya plastiki vilivyogundishwa hubeba uzito wa maji na kuyumba kila pigo, na vinapofunguka bomba lote hudondokea kisimani. Hata ndani ya mpaka huo, fundi asiyesafisha na kukausha kiungo kabla ya gundi ameshaandaa ajali.

Kwa kijiji chetu, basi, pampu ya mkono inawezekana kwa shida: visima 4 leo, na kila kimoja ni bahati nasibu ya kuchimba. Faida yake ni moja lakini kubwa. Kimoja kikifa, vitatu vinaendelea.

## Sola: nguvu ya bure, vifaa si vya bure

Mita za ujazo 34 kwa mita 60 ni 2.725 × 34 × 60, wati-saa 5,560. Pampu ndogo na mota yake hufanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 45 hivi, kwa hiyo paneli zitoe wati-saa 12,400 kwa siku. Gawanya kwa saa 5 za jua: wati 2,470. Halafu punguza joto, vumbi na waya kwa kugawanya na 0.75, unafika wati 3,300. Paneli 8 za wati 415.

Mgawanyo ule wa 0.75 usionekane ni uoga. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kiwandani kwa nyuzi 25. Juu ya bati saa saba mchana paneli hufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi hula karibu asilimia 0.4. Hapo tu umepoteza 14. Na zile saa 5 ziwe za mwezi mbaya kuliko yote wenye mahitaji makubwa. Wastani wa mwaka hautoshi. Masika mawingu hupunguza maji, lakini watu nao hukinga maji ya bati, kwa hiyo mwezi wa kuogopa mara nyingi si ule wenye mvua nyingi kuliko yote.

Paneli za Dodoma zitazame kaskazini, za Marsabit zitazame kusini. Karibu na ikweta mwelekeo hauna uzito mkubwa; ulalo ndio wenye kazi. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha mvua ioshe vumbi. Paneli zikilazwa kabisa, vumbi hugeuka tope kwenye ukingo wa chini. Mti ukatwe kabla ya kufunga, kwa makubaliano na mwenyewe, maana kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja hushusha mfululizo wote.

Mambo yanayoharibika, kwa uzito wake:

Kidhibiti. Paneli 8 zenye volti 37 kila moja zikiungwa mfululizo hutoa karibu volti 300 bila mzigo, na asubuhi ya baridi huzidi kidogo. Kidhibiti kiwe na kikomo kilicho juu ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Kiwekwe kivulini, chenye hewa, juu ya mkondo wa mijusi na mchwa. Kifaa cha kuzuia radi na waya wa ardhi vifungwe siku hiyo hiyo. "Tutarudi kuweka" huwa hakurudiwi.

Swichi. Umeme wa paneli ni DC, unaokwenda mwelekeo mmoja tu. Swichi ya dukani ya AC, yaani ya umeme wa nyumbani, ikitumika kuukata, cheche haizimiki na boksi linaungua. Tumeona michoro sahihi ikiharibiwa na kipengele hiki kimoja cha bei ndogo kwenye manunuzi.

Kiungo cha waya chini ya maji. Kifungwe kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, kisha kizamishwe kwenye ndoo ya maji na kupimwa kabla hakijashuka. Utepe wa umeme haufai hapa hata kwa siku moja.

Kihisio cha ukavu. Kinapozima pampu kila mchana, mhudumu anayelaumiwa na foleni hukiruka kwa kuunganisha waya. Mwezi mmoja baadaye pampu imeungua. Kikizima mara kwa mara, kinakwambia kisima hakitoshi. Punguza kasi ya pampu.

Mota kukosa ubaridi. Pampu ya inchi 4 ndani ya kisima cha inchi 6 hupitishiwa maji polepole pembeni ya mota. Bomba la kuifunika mota, ili maji yalazimike kupita karibu nayo, ni kazi ya nusu siku.

Wizi hauna hesabu yake. Nguzo za zege, boliti zilizochomelewa, taa na mlinzi anayelipwa kwa wakati. Hili la mwisho ndilo linalofanya kazi.

Tanki linastahili onyo la peke yake. Simtanki nne za lita 10,000 zikijaa ni tani 40. Kuziweka juu ya mnara wa mita 6 ni kazi ya mhandisi wa miundo, yenye uchunguzi wa udongo, msingi wa zege lenye nondo na vyuma vilivyokokotolewa. Fundi wa kuchomelea mageti haimhusu. Kabla ya kuchora mnara tembea kijijini utafute kilima. Mita chache za ardhi iliyoinuka kwa asili hukupa tanki lililokaa chini, salama, na unaweza kuongeza la tano bila kumwogopa mtu.

## Dizeli na umeme wa gridi

Dizeli ni rahisi kueleza. Kilowati-saa 12.4 kwa siku, jenereta ndogo ikila karibu lita 0.4 kwa kila moja, ni lita 5. Ukichukulia lita ni shilingi 3,000 (bei kikomo hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ni 15,000 kwa siku. Ndoo zinazofika kwa wachotaji baada ya upotevu ni 1,445, hivyo mafuta peke yake ni kama shilingi 10 kwa ndoo. Si mbaya. Ila ongeza mhudumu, oili, vichujio, nauli ya kufuata dizeli mjini, kisha masika ambapo ndoo zinapungua nusu na mshahara wa mhudumu haupungui hata senti. Miradi ya dizeli haifi kwa injini kuvunjika. Inakufa siku ambayo sanduku halina hela ya dumu linalofuata.

Kosa la ubunifu lililozoeleka ni ukubwa. Mota ya kilowati 2.2 ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, kwa hiyo jenereta ya kVA 7 hadi 10 inahitajika. Watu husikia hivyo wakanunua ya 20. Jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo haichomi mafuta vizuri, hujaza masizi na oili kwenye ekzosi, na hula lita nyingi kwa kila ndoo. Oili ibadilishwe kwa saa za kufanya kazi zilizo kwenye kitabu chake. Jenereta isiyo na mita ya saa isinunuliwe.

Mahali dizeli inaposhinda kweli: kisima cha kati, kama cha mita za ujazo 5 kwa saa, ambacho sola haiwezi kukivuta kwa kasi inayotaka. Na hata hapo tunapendelea mchanganyiko. Pampu ndogo ya mita za ujazo 3.4 kwa saa, paneli zikiisukuma mchana, jenereta ikiongeza muda wa saa tano jioni siku za kiangazi, na swichi ya kubadilisha ili vyanzo viwili visikutane kamwe.

Nguzo za umeme zikiwa zimeshafika kijijini, ingiza gridi kwenye ulinganisho kabla ya yote. Uliza mambo mawili: ni fezi tatu au moja, na volti hushuka hadi ngapi jioni. Kifaa cha kulinda mota dhidi ya volti ndogo ni cha lazima. Na LUKU, umeme wa kulipia kabla, hukatika kama dumu linavyoisha, kwa hiyo swali la sanduku linabaki lile lile.

## Kupima mizani

Tenganisha masharti ya lazima na vigezo vya kupewa alama. La lazima halina alama. Njia ikilishindwa inatoka. Kwa kijiji chetu ya lazima ni matatu: mita za ujazo 34 kutoka kisima kilichopo, ubora wa maji, na maji kurudi ndani ya siku 3. Jedwali la alama linaloanza bila chujio hili huweza kumpa ushindi mgombea asiyeweza kazi, kwa sababu ni nafuu na "rafiki wa mazingira".

Tuchukue kisima kilichopimwa kwa mita za ujazo 11 kwa saa. Sola inapita sharti la kwanza kwa nafasi ndogo. Dizeli inapita. Pampu moja ya mkono inashindwa, na inarudi mchezoni tu kukiwa na fedha za visima vingine vitatu sasa na viwili baadaye. Sharti la siku 3 linaiangusha sola, isipokuwa uinunulie wokovu: kidhibiti cha akiba kikae stoo ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na mkataba wa huduma na fundi uwe umesainiwa. Gharama ya hivyo iingie kwenye bei ya sola. Watu wengi hulinganisha sola isiyo na akiba na dizeli yenye kila kitu, au kinyume chake.

Waliobaki wapewe alama kwa uzito uliokubaliwa kabla bei hazijafunguliwa. Kwa mfano: gharama za miaka 10 zote 40, urahisi wa matengenezo 30, uwezo wa kuongezeka 15, usalama dhidi ya wizi 15. Kisha badilisha uzito: 30 na 40 mahali pa 40 na 30. Mshindi akibadilika, usitangaze mshindi. Rudi ukapate takwimu zaidi, hasa bei halisi za spea na umbali wa fundi.

Kama kisima kingepimwa 6, tungechagua mchanganyiko. Kingepimwa 2, pampu ya mkono kwenye kisima hicho na fedha zilizobaki zichimbe vingine, bila kuongeza neno. Kwa 11, tunachagua sola yenye kidhibiti cha akiba, sehemu ya kuchomekea jenereta ya kukodi, na pampu moja ya Afridev kwenye kisima cha pembeni kama kipo. Wafadhili hawapendi kipengele hicho cha mwisho kwa kuwa hakina sura kwenye picha. Siku radi ikipiga ndicho kitakachonywesha shule.

## Makabidhiano

Kila njia ina jaribio lake, na liwe ndani ya mkataba kwa namba.

Pampu ya mkono: mapigo 40 kwa dakika moja yatoe karibu lita 15. Kisha iache nusu saa, pampu tena; maji yasipotoka ndani ya mapigo matano, vali ya chini au kiungo kinavuja. Halafu mafundi wa kijiji waifungue na kuifunga wenyewe, mkandarasi akiwa amekunja mikono.

Sola: siku ya anga safi, soma mita ya maji kila saa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, pamoja na kina cha maji kisimani. Jumla ifike mita za ujazo 34. Mkandarasi atakayetaka kuonyesha kasi ya saa saba mchana peke yake akatazwe.

Dizeli: saa 8 bila kuzima, tanki la mafuta likijazwa mwanzo na mwisho. Gawanya lita kwa mita za ujazo. Lita 5 kwa 34 ni karibu 0.15, na namba hiyo iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba ya mashine. Ikipanda hadi 0.2 baadaye, pampu imechakaa, bomba linavuja, au kuna dizeli inayoondoka usiku.

Kwa zote tatu, zuia asilimia ya malipo kwa miezi 12, na jaribio la mwisho lifanyike mwisho wa kiangazi, kina cha maji kikiwa chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Hela iliyozuiwa itoke baada ya hapo.